Mashine ya Kupiga Mchanga Nyumbani: Geti Safi na Mapafu Salama

Geti lililoliwa na kutu, nondo za madirisha zilizopakwa rangi tabaka juu ya tabaka, na viti vya chuma vya zamani ni kazi zinazomchosha fundi anayetumia msasa na brashi ya waya. Ndiyo sababu mashine ya kupiga mchanga hupendwa: hewa iliyoshindiliwa na kompresa husukuma chembe ngumu kwa kasi kubwa, nazo hung'oa kutu na rangi kwa muda mfupi. Makala haya yanaeleza namna ya kuichagua na kuitumia mashine hiyo katika ukarabati wa nyumba bila kuharibu mapafu ya fundi, ya jamaa zake na ya majirani.

Kwa nini mchanga usitumike

Jina la mashine hupotosha. Mchanga wa mtoni na wa machimboni kwa kawaida huwa na kiasi kikubwa cha silika ya fuwele. Chembe nzima ya mchanga ni kubwa mno kufika mapafuni. Hunaswa puani na kutolewa kwa kamasi. Lakini ikigonga chuma kwa kasi, hupasuka na kuwa vumbi lenye chembe zisizozidi mikromita chache, ambazo macho hayawezi kuziona moja moja. Vumbi hilo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa. Huko seli za kinga hulimeza, lakini haziwezi kulivunja. Seli hizo hufa, nyingine hufika kuchukua nafasi yake, na mwako usiokoma huacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi.

Silikosisi sugu hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi. Pale vumbi linapokuwa zito, kama ilivyo katika kazi hii, ugonjwa unaweza kuanza ndani ya miaka 5 hadi 10, na aina yake kali zaidi huweza kutokea baada ya wiki au miezi michache tu. Kovu la mapafu haliponi. Uingereza ilipiga marufuku matumizi ya mchanga wa silika katika kazi hii tangu mwaka 1949. Uturuki ilikataza upigaji mchanga wa nguo za jinzi mwaka 2009, baada ya vijana waliofanya kazi katika karakana zisizo na hewa ya kutosha kuugua na wengine kufariki.

Mwenye nyumba husafisha geti lake mara moja, kisha huendelea na maisha yake. Fundi aliyemwajiri huirudia kazi hiyo nyumba baada ya nyumba. Kwa hiyo mwenye nyumba anayesema, "Tumia mchanga uliobaki kwenye ujenzi," huokoa fedha kidogo kwa gharama ya afya ya mtu mwingine.

Kuchagua mashine na chembe

Kwa vitu vidogo, kama bawaba, vitasa na vipuri, chaguo bora ni sanduku la kupigia lililofungwa, lenye dirisha la kioo, glavu ndefu zilizoshikizwa ukutani mwake na kifaa cha kufyonza vumbi. Kwa vitu vikubwa, mashine inayopiga chembe pamoja na maji hupunguza sana vumbi, ingawa haiondoi haja ya kujikinga. Chuma nacho hukaushwa na kupakwa rangi ya kwanza mapema kabla hakijashika kutu tena.

Kabla ya kununua, kompresa ipimwe kwa kiasi cha hewa inachotoa. Mdomo wenye tundu la milimita 3 huhitaji takriban lita 570 za hewa kwa dakika, kwa shinikizo la bari 7. Tundu likipanuka mara mbili, hewa inayohitajika huongezeka mara nne. Kompresa ndogo ya kujazia matairi haiwezi kazi hiyo kwa mfululizo.

Badala ya mchanga, zitumike chembe zenye silika ya fuwele kidogo mno: garneti, oksidi ya alumini au kioo kilichosagwa kwa ajili ya chuma, na soda ya kuokea kwa nyuso laini. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, zisipigwe kabisa. Jiwe hilo ni laini, na uso wake ukiondolewa hunyonya unyevu na kumomonyoka. Milango ya nakshi nayo hupoteza michoro yake. Brashi na subira huifaa zaidi.

Rangi kuukuu ni hatari ya pili, kwani inaweza kuwa na madini ya risasi. Ikipigwa, risasi hugeuka vumbi linalotua uani, kwenye vyombo na mikononi mwa watoto, na hudhuru ubongo unaokua hata kwa kiasi kidogo. Rangi ambayo haijapimwa ihesabiwe kuwa na risasi.

Wakati wa kazi

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii vumbi hili. Mpigaji huhitaji kofia maalumu inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya eneo la kazi. Hewa hiyo isichukuliwe ovyo kutoka kwenye kompresa ya kazi, kwani inaweza kubeba mvuke wa mafuta na gesi ya kaboni monoksidi. Pasipo kofia hiyo, kazi ipelekwe kwenye karakana yenye vifaa, au ifanywe kwa msasa wa maji.

Watoto, majirani na mifugo wawe mbali, na madirisha yafungwe. Kishikio kiwe cha kukata hewa kinapoachwa, na mdomo wa mashine usielekezwe kwa mtu kamwe. Baada ya kazi, vumbi lilowanishwe kabla ya kuzolewa. Lisifagiliwe likiwa kavu wala kupulizwa kwa kompresa. Nguo za kazi zivuliwe hapohapo na kufuliwa peke yake.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa mwenye kikohozi cha muda mrefu na pumzi fupi aulizwe kazi yake ya sasa na zote za nyuma. Picha ya eksirei ya silikosisi huweza kufanana na ya kifua kikuu, na mgonjwa akapewa dawa za kifua kikuu mara kwa mara bila nafuu. Wakati huohuo, silikosisi huongeza hatari ya kupata kifua kikuu cha kweli. Hivyo makohozi yapimwe daima, na maambukizi yaliyojificha yachunguzwe na kutibiwa. Mgonjwa ashauriwe kuacha tumbaku na kuondoka kwenye vumbi. Mmoja akigundulika, wenzake wa karakana moja nao waitwe wapimwe, kwa sababu wote wamevuta hewa ileile.