Je, Wajua? Maswali ya Wanafunzi Yaliyoufichua Ubaguzi

Je, wajua kwamba utafiti uliosaidia kuzibomoa shule za ubaguzi wa rangi nchini Marekani ulianzia kwenye tasnifu ya mwanafunzi wa kike? Mamie Phipps alizaliwa mwaka 1917 huko Hot Springs, Arkansas, akaenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kusoma hisabati. Mwanafunzi mwenzake, Kenneth Clark, ndiye aliyemshawishi ahamie saikolojia, na baadaye wakaoana. Kwa shahada yake ya uzamili, Mamie aliwachunguza watoto weusi 150 wa shule za awali zilizotengwa kwa rangi. Aliwaonyesha michoro ya watoto weupe na weusi, kisha akawauliza: kati ya hawa, wewe ni yupi? Alitaka kujua mtoto anaanza lini kuitambua rangi yake, na utambuzi huo unamfanya ajioneje.

Michoro ilifuatiwa na wanasesere. Mamie na Kenneth walichukua wanne wanaofanana kila kitu isipokuwa rangi: wawili wa kahawia wenye nywele nyeusi, wawili weupe wenye nywele za manjano. Wakawapelekea watoto weusi 253 wa miaka 3 hadi 7, baadhi yao Arkansas kwenye shule za kutengwa, wengine Springfield, Massachusetts, ambako weusi na weupe walisoma pamoja. Nipe mwanasesere ambaye ungependa kucheza naye: asilimia 67 walimtoa mweupe. Nipe yule mzuri: asilimia 59 mweupe. Nipe anayeonekana mbaya: asilimia 59 wakamtoa wa kahawia. Ndipo likaja ombi la mwisho, nipe anayefanana nawe, na asilimia 66 wakamtoa yuleyule wa kahawia. Kuna watoto waliolia hapo, na wengine wakakimbia kutoka chumbani.

Mimi huwa nasita kwenye hilo ombi la mwisho kila ninapousoma utafiti huu. Mtoto wa miaka mitano amekwisha kutamka kwa mdomo wake kwamba huyu ni mbaya, na sasa anaambiwa ajinyooshee kidole. Wakosoaji walisema mapema kwamba watoto wa Springfield walimpenda mweupe hata kuliko wenzao wa Arkansas, hivyo shule za kutengwa haziwezi kubeba lawama peke yake. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini kwangu inaongeza uzito badala ya kuupunguza, kwa sababu inaonyesha kwamba sumu ilitoka pia mtaani, dukani, na kwenye vitabu vya picha ambavyo mtoto mweusi hakujiona ndani yake.

Je, wajua kwamba Mamie alikuja kupambana mahakamani na mwalimu wake mwenyewe? Uzamivu aliufanya Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu mwaka 1943, chini ya Henry Garrett, profesa mwenye jina kubwa aliyeamini kwamba weusi ni duni kwa akili. Mwaka 1952 Garrett alitoa ushahidi Virginia kuitetea sera ya kutenganisha wanafunzi, na Mamie akapanda kizimbani katika kesi hiyohiyo kumpinga. Kesi yenyewe ilikuwa zao la wanafunzi. Tarehe 23 Aprili 1951, msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliwaongoza wenzake wa sekondari ya Moton mjini Farmville kugoma kwa sababu ya hali mbaya ya shule yao. Kesi ya Virginia iliunganishwa na nyingine, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Tanbihi ya 11 ya hukumu hiyo inataja kazi ya Kenneth. Jina la Mamie halimo.

Mtu mwingine anastahili kutajwa hapa, naye ni Francis Sumner, aliyewafundisha wote wawili pale Howard. Sumner hakuwa na cheti cha sekondari. Alijisomea, akaingia Chuo cha Lincoln kwa mtihani akiwa na miaka 15. Mwaka 1920 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata uzamivu wa saikolojia. Alifariki Januari 1954, miezi minne tu kabla ya hukumu hiyo.

Ili kuelewa uzito wa kazi ya wanafunzi hao, tazama kwanza mabingwa walikuwa wameandika nini. Sensa ya Marekani ya mwaka 1840 ilionyesha kwamba weusi walio huru kaskazini walikuwa na wendawazimu wengi mno kuliko watumwa wa kusini. Watetezi wa utumwa walifurahi: mnaona, uhuru unawatia kichaa. Daktari Edward Jarvis alipozikagua hesabu, alikuta miji isiyo na mkazi hata mmoja mweusi ikiwa imeandikiwa wendawazimu weusi. Huko Worcester, Massachusetts, wagonjwa weupe 133 wa hospitali ya akili walikuwa wameorodheshwa kama weusi. Daktari James McCune Smith, mweusi mwenyewe, naye alizipinga hesabu hizo hadharani. Miaka 11 baada ya sensa hiyo, daktari Samuel Cartwright wa Louisiana alitangaza kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili, akaupa jina la drapetomania. Miongoni mwa tiba zake ilikuwa kiboko.

Na kwetu je? Wajua kwamba hospitali ya Mathari, Nairobi, ilihusika kueneza fikra za namna hiyo dunia nzima? Mwaka 1938 John Colin Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni, alipewa kuiongoza. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba anafanana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata mishipa ya sehemu hiyo. Mwaka uliofuata aliandika ripoti juu ya saikolojia ya Mau Mau, na watu waliokuwa wakidai ardhi yao wakaelezwa kama watu waliovurugika akili. Wagonjwa aliowaona walikuwa wamefungiwa katika nchi iliyotawaliwa kwa kipande na kodi ya kichwa, lakini hayo hakuyahesabu kuwa chanzo cha maradhi.

Wakati huohuo, Lyon nchini Ufaransa, mwanafunzi wa udaktari kutoka Martinique aliligeuza swali. Frantz Fanon, aliyezaliwa mwaka 1925, aliandika tasnifu kuhusu kile ambacho jamii ya kibaguzi inamfanyia mtu mweusi moyoni mwake. Chuo kikaikataa. Akaandika nyingine ya kitabibu kuhusu ugonjwa wa neva, akahitimu mwaka 1951, na ile iliyokataliwa ikatoka kama kitabu mwaka 1952. Leo inasomwa katika vyuo vya mabara yote. Mwaka huohuo wa 1952 aliandika makala kuhusu vibarua kutoka Afrika Kaskazini waliokuwa wakienda hospitali za Ufaransa wakilalamika maumivu, na madaktari wakiamua kabla ya kuwapima kwamba wanajisingizia. Fanon alikuja kumjibu Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho cha mwaka 1961, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa.

Usidhani suala la maumivu lilizikwa na Fanon. Mwaka 2016, Kelly Hoffman, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Virginia, alichapisha pamoja na wenzake utafiti uliowahusu wanafunzi 222 weupe wa udaktari, wakiwamo waliokuwa mafunzoni hospitalini. Karibu nusu yao waliamini angalau dai moja la uongo kuhusu mwili wa mtu mweusi, kwa mfano kwamba ngozi yake ni nene kuliko ya mweupe. Walioamini zaidi madai hayo walimkadiria mgonjwa mweusi kuwa na maumivu madogo, na wakakosea zaidi katika kumpangia matibabu.

Je, wajua kwamba wanafunzi waliwahi kumkatiza rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani jukwaani? Ilikuwa mwaka 1969, Washington. George Miller alikuwa akihutubia kuhusu namna saikolojia inavyoweza kuleta ustawi wa binadamu, na wanafunzi weusi wakapanda kudai kwamba ustawi huo uanzie ndani ya taaluma yenyewe: wanafunzi weusi wapokelewe, na walimu weusi waajiriwe. Chama hicho kiliomba radhi rasmi kwa mchango wake katika ubaguzi tarehe 29 Oktoba 2021.

Ubaguzi unapimwaje lakini? Mwaka 1997 David Williams, aliyezaliwa Aruba na kukulia St Lucia, alichapisha na wenzake kipimo cha maswali tisa ambacho hadi sasa hutumiwa na watafiti vijana sehemu nyingi za dunia. Maswali hayo hayagusi vipigo wala mauaji. Yanauliza ni mara ngapi unahudumiwa vibaya kuliko wengine dukani au hotelini, ni mara ngapi watu wanakuchukulia kama huna akili, au wanakuogopa, au wanakudhani si mwaminifu. Ukubwa wa kipimo hiki, kwa maoni yangu, ni kwamba kiliyapa hesabu mambo ambayo wahusika walikuwa wakiambiwa wayapuuze.

Na mwili je, ubaguzi unaufanyia nini? Mwishoni mwa miaka ya 1970, Arline Geronimus alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza Princeton, akifanya pia kazi katika shule ya wasichana wajawazito mjini Trenton. Wakubwa wake waliamini kwamba umri mdogo wa akina mama ndio uliosababisha vifo vya vichanga. Yeye aliwaona wale wasichana ana kwa ana, akashuku kwamba maisha yenyewe yanauchakaza mwili. Alipoendelea na utafiti, takwimu zilimwonyesha jambo lisilotarajiwa: kwa akina mama weusi, watoto wa waliojifungua wakiwa na miaka ishirini na kitu walikufa zaidi kuliko wa waliojifungua wakiwa na kumi na kitu. Kwa weupe ilikuwa kinyume. Mwaka 1992 aliandika kwamba mwili wa mwanamke mweusi huzeeka mapema kwa kubeba msongo usiokoma, na wengi hawakumwamini. Mwaka 2006 yeye na wenzake wakapima dalili za msongo zilizomo mwilini, shinikizo la damu likiwa mojawapo. Wanawake weusi maskini ndio walioongoza kwa uwezekano wa kuwa na uchakavu mkubwa. Waliowafuata ni wanawake weusi wasio maskini, nao waliwapita hata wanawake weupe maskini.