Mtoto Anapougua: Dawa ya Dukani na Wakati wa Kumpeleka Kituoni

Usiku mwili wa mtoto unapochemka, wazazi wengi hungoja kupambazuke ili wakimbilie duka la dawa lililo jirani. Dukani ipo dawa ya kumpa mtoto nafuu, lakini nafuu hiyo inaweza pia kuficha ugonjwa unaohitaji mganga. Tunaeleza hapa yanayoweza kutunzwa nyumbani na yasiyopaswa kusubiri.

Mafua na kikohozi cha kawaida. Haya aghalabu husababishwa na virusi na hupona yenyewe. Antibiotiki haziui virusi. Tunakusihi usimshurutishe mtoa dawa akuuzie. Endelea kumnyonyesha mtoto na kumpa vinywaji mara kwa mara. Usimpe mtoto mdogo dawa za mchanganyiko za mafua na kikohozi bila ushauri wa mtaalamu.

Kuhara. Hatari kubwa ni mwili kupungukiwa maji. Nunua ORS na vidonge vya zinki. Changanya pakiti nzima ya ORS kwa kipimo cha maji safi na salama kilichoandikwa juu yake, na mwaga yanayobaki baada ya saa 24. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Homa. Parasetamoli hushusha joto, haitibu kilichosababisha homa. Palipo na malaria, mtoto apimwe ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Dozi hutegemea uzito na umri. Tumia kipimo kilichomo ndani ya boksi, kwani vijiko vya jikoni havilingani. Usimpe mtoto asprini isipokuwa kwa agizo la daktari.

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi:

• hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila anachopewa;
• amepata degedege, amelegea mno au ni vigumu kumwamsha;
• kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anapumua kwa kasi akiwa ametulia: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5;
• macho yamedidimia, au kinyesi kina damu;
• ana homa na umri wake haujafika miezi 2.

Dalili hizi zikijitokeza, usingoje dozi ya dukani iishe wala kupambazuke. Chukua boksi la dawa uliyompa uende nalo, ili mganga ajue ni dawa gani, kiasi gani na saa ngapi. Siku zote nunua dawa katika duka lenye kibali, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kuondoka.