Vitabu vya akiba ya kozi

Vitabu vya akiba ya kozi ni vitabu, makala na vifaa vingine vya kujifunzia ambavyo maktaba ya chuo huviondoa katika rafu za kawaida na kuviweka nyuma ya kaunta, ili viazimwe kwa saa chache tu badala ya wiki. Huchaguliwa na mhadhiri kwa ajili ya kozi fulani katika muhula fulani. Muhula ukiisha, hurudishwa kwenye rafu zao. Huduma hii huitwa pia akiba maalumu au uazimaji wa muda mfupi.

Neno "akiba" linaweza kumpotosha mgeni wa maktaba. Kitabu hakiwekwi huko kwa sababu ni cha kale au cha thamani kubwa. Vitabu vya namna hiyo vina chumba chao. Huwekwa kwa sababu watu wengi wanakihitaji kwa wakati mmoja na nakala hazitoshi.

Hesabu ya saa

Faida ya kufupisha muda huonekana kwa hesabu ndogo. Kozi ina wanafunzi 200 na maktaba ina nakala moja ya kitabu kinachotakiwa. Kikiazimwa kwa wiki mbili, muhula wa wiki 15 utatosha watu 7 tu, na wa kwanza atakuwa yule aliyewahi kufika. Kikiazimwa kwa saa mbili katika maktaba inayofunguliwa saa 12 kwa siku, watu 6 hukisoma kila siku. Kwa siku 6 za wiki ni watu 36, na kwa muhula mzima ni nafasi 540. Kila mwanafunzi anaweza kukipata zaidi ya mara mbili bila chuo kununua nakala ya pili.

Hesabu hiyo huharibika mtihani unapokaribia. Katika wiki ya mwisho nafasi zilizobaki ni 36, na ndiyo wiki ambayo wengi huanza kukitafuta kitabu. Baadhi ya maktaba hupunguza muda hadi saa moja wakati huo, au huweka daftari la kuandikisha zamu. Hakuna kanuni ya kaunta inayoweza kuziba pengo hilo lote: kama kozi ni kubwa sana, dawa ni nakala zaidi.

Utaratibu

Kazi huanza kabla ya muhula kufunguliwa. Mhadhiri hupeleka orodha yake, naye mkutubi hukagua kama kila kitabu kipo, kina nakala ngapi na kama kimeazimwa. Aliyekiazima hutakiwa kukirudisha mapema. Kisha nakala hubandikwa lebo, na katika mfumo wa kompyuta aina yake ya uazimaji hubadilishwa na kuunganishwa na jina la kozi. Koha, programu huria iliyoanzia New Zealand na inayotumiwa na baadhi ya maktaba za vyuo vya Afrika Mashariki, ina sehemu maalumu ya kazi hiyo.

Orodha ikichelewa, wanafunzi huanza muhula vitabu vikiwa vimeshachukuliwa na wachache. Orodha ikiwa ndefu mno, nayo ina madhara. Mhadhiri anayeweka vitabu 40 ilhali anafundishia vitano anawanyima wasomaji wa kozi nyingine vitabu 35 ambavyo wangeweza kwenda navyo nyumbani.

Mwanafunzi hufika kaunta, hutaja kozi na mwandishi, huonyesha au huacha kitambulisho, kisha husoma humohumo ndani. Maktaba nyingi huruhusu pia kuazima kwa usiku mmoja: kitabu huchukuliwa karibu na saa ya kufunga na hurudishwa asubuhi maktaba inapofunguliwa. Nafasi hii huwafaa zaidi wanaoishi mabwenini. Anayepanga mbali na chuo, au anayefanya kazi mchana na kusoma jioni, hupata shida kurudi saa mbili kamili asubuhi, na hukuta faini inamsubiri.

Faini ya vitabu vya akiba kwa kawaida huhesabiwa kwa saa na huwa kubwa kuliko ile ya vitabu vya kawaida. Sababu ni kwamba saa moja ya kuchelewa huchukuliwa moja kwa moja kutoka kwa aliye nyuma kwenye foleni. Kaunta yenyewe husaidia kuzuia ujanja unaojulikana na kila mkutubi: kuficha kitabu kwenye rafu isiyo yake ili mwingine asikione, au kurarua kurasa za sura inayotakiwa.

Historia

Tatizo la kitabu kimoja na wasomaji wengi ni la zamani kuliko uchapaji. Katika karne ya 13, huko Bologna na Paris, wauzaji wa vitabu waliosimamiwa na chuo walikodisha vitabu vya masomo vikiwa vimegawanywa vipande. Mwanafunzi mmoja alinakili kipande cha kwanza huku mwenzake akinakili cha pili, kisha wakabadilishana. Chuo cha Sorbonne, mwishoni mwa karne hiyo, kilifunga kwa minyororo vitabu vilivyohitajiwa zaidi ili visomwe palepale, na nakala nyingine zikaazimwa.

Utaratibu wa sasa ulienea katika vyuo vya Marekani katika robo ya mwisho ya karne ya 19, Harvard kikiwa miongoni mwa vya kwanza. Wahadhiri walianza kuwataka wanafunzi wasome vitabu kadhaa badala ya kukariri kimoja, na maktaba ikajikuta haina nakala za kutosha.

Nakala za kielektroniki na hakimiliki

Sura iliyopigwa skani na kuwekwa kwenye mtandao wa chuo inaweza kusomwa na wanafunzi wote 200 usiku uleule. Kwa sababu hiyo wachapishaji wameipinga kuliko walivyowahi kupinga kaunta. Mwaka 2008 Cambridge University Press, Oxford University Press na SAGE walikishtaki Chuo Kikuu cha Georgia State, Marekani. Hukumu ya mwaka 2012 ilikipa chuo ushindi kwa sehemu kubwa, ikitumia kipimo cha asilimia 10 ya kitabu au sura moja. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ilikataa kipimo hicho na kusema kila kazi ipimwe peke yake. Kesi iliendelea hadi mwaka 2020, na matumizi mengi yalionekana kuwa halali.

Huko India ubishi ulihusu duka la fotokopi ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, lililotengeneza vifurushi vya sura za kozi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliwakatalia wachapishaji, nao waliondoa kesi mwaka 2017.

Nchini Kenya hakimiliki inaongozwa na sheria ya mwaka 2001, na chama cha KOPIKEN hukusanya ada za kunakili kwa niaba ya waandishi na wachapishaji. Tanzania ina sheria ya mwaka 1999. Hata hivyo, wanafunzi wengi hupata sura zao kwenye steshenari zilizo nje ya geti la chuo, ambako "madesa" hutolewa kopi kutoka kwenye kopi, mara nyingine bila jina la mwandishi wala namba za kurasa. Mwanafunzi anayetaka kunukuu kwa usahihi katika tasnifu yake bado hulazimika kwenda kaunta kukiomba kitabu chenyewe.