Moli wako wanakufa? Chunguza maji kabla ya kumlaumu muuzaji

Umenunua moli wanne Bungoma, wawili weusi na wawili wa rangi ya chungwa. Umewabeba kwa ndoo yenye kifuniko, ukapanda matatu kupitia Webuye hadi Kitale. Siku ya kwanza wanacheza vizuri. Siku ya tatu mmoja anatetemeka papo hapo kama mtu mwenye homa, mapezi yamekunjamana, haendi mbele wala harudi nyuma. Kufikia Jumapili umebaki na mmoja tu. Unaanza kulalamika, eti uliuziwa samaki wagonjwa.

Pole. Lakini kabla hujarudi kugombana na mtu, hebu tazama maji. Mara nyingi moli hauawi na ugonjwa alioletwa nao, bali na maji aliyoyakuta kwako.

Asili ya samaki huyu ni Mexico na Amerika ya Kati, kwenye mito ya nchi za joto na hata mahali mito inapokutana na bahari. Amezoea maji yenye joto na madini mengi. Sasa linganisha na nyumbani kwako.

Baridi ya usiku

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Tofauti hiyo pekee inaweza kushusha joto kwa nyuzi tatu hivi. Moli anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28. Tangi lililo sebuleni Kitale, bila hita, halifiki hapo usiku. Nunua hita na kipimajoto. Kwa tangi la lita 60, hita ya wati 100 inafaa. Usiweke tangi karibu na dirisha wala mlango. Stima ikipotea, lifunike pande zote kwa blanketi, lakini acha nafasi ya hewa juu.

Maji ya mvua

Wengi wetu tunakinga maji ya mvua kwenye mabati. Ni mazuri kwa kufua kwa sababu sabuni hutoa povu upesi. Hiyo ndiyo dalili kwamba ni maji laini, yaani hayana madini, na kwa moli huo ni mkosi. Yeye anahitaji maji magumu yenye pH ya 7.5 hadi 8.5. Ukiona birika lako limeshika ukoko mweupe ndani, furahi, maji yako yana madini.

Kama hayana, usikate tamaa. Tafuta makombe ya chaza yaliyosagwa, yale wanayolishwa kuku wa mayai. Yaoshe sana, yatie kwenye kimfuko cha kitambaa, kisha uyaweke pale maji yanapopita kwenye chujio. Yatayeyuka polepole na kuongeza madini. Ila chunga: chokaa ya kupaka ukuta usiiguse kabisa, itawaunguza samaki.

Ukitumia maji ya mfereji, kumbuka yametiwa klorini. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo.

Sumu usiyoiona

Maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakaua. Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia. Bakteria wazuri huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo haina makali sana. Shida ni kwamba bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga katika tangi jipya, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Tena, katika maji yenye pH ya juu anayoyapenda moli, amonia huwa kali zaidi. Kwa hivyo usafi hauna mjadala.

Njia ya mkato ipo. Kama una rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji ya chujio lake. Hapo umepata bakteria tayari. Baadaye ukiosha sponji yako, ioshe kwa maji uliyotoa kwenye tangi, si ya mfereji, kwani klorini itawaua bakteria hao. Badilisha robo ya maji kila wiki, na lisha kile samaki wanachoweza kumaliza kwa dakika mbili.

Wakaribishe polepole

Samaki wakifika, usiwamwage tu. Ongeza kikombe kimoja cha maji ya tangi kwenye ndoo yao kila dakika tano, kwa muda wa saa nzima. Kisha wavue kwa wavu na uyamwage maji ya safari.

Ukifanya haya, utapata shida nyingine tamu: moli hazai mayai, huzaa watoto wanaoogelea, na jike mmoja anaweza kuzaa makumi karibu kila mwezi. Wape marafiki au uwauze. Usiwatupe mtoni. Mto Nzoia unamwaga maji yake Ziwa Victoria, na ziwa hilo tayari limeumizwa na samaki wageni.

Basi wiki hii usinunue samaki. Jaza tangi, washa hita, tia makombe, omba sponji. Maji yakiwa tayari, ndipo uende Bungoma.