Bata mzinga dume na ukali wake

Wengi wetu twafuga kuku, lakini nyumba zenye bata mzinga ni chache. Ndege huyu asili yake ni Meksiko, ambako wenyeji walimfuga zamani sana, kabla Wahispania hawajamleta Ulaya katika karne ya 16. Hupendwa kwa wingi wa nyama yake. Hata hivyo wafugaji wengi humkatia tamaa majira ya kupandana yafikapo: dume hugeuka mkali, majike hujeruhiwa, mayai hupotea vichakani. Mtu hupoteza kwa majuma machache faida aliyoitazamia mwaka mzima. Hasara hiyo yaweza kuzuiwa, mradi ua upangwe mapema.

Tutazame kwanza dalili. Dume huinua manyoya, hufunua mkia kama upepeo, huburuza mabawa chini, na hulia kama mtu asukutuaye maji kooni. Kichwa na shingo hugeuka rangi, mara buluu, mara nyekundu, na ile nyama iliyo juu ya mdomo hurefuka na kuning'inia. Jike aliye tayari huchutama mbele yake. Hayo yote ni maumbile yao, wala haifai kuwapiga kwa ajili yake.

Wahenga walisema: fahali wawili hawakai zizi moja. Madume wawili hushikana kwa midomo na kusukumana hata damu itoke. Na wenzao wakiona damu, humdonoa yule mnyonge pasipo huruma. Basi dume mmoja awekwe na majike 8 au 10, na wa pili apewe ua wake. Aliyejeruhiwa atengwe mpaka kidonda kikauke. Kuku nao wakae mbali, maana dume aweza kuwaponda, tena minyoo yao huchukua ugonjwa unaoharibu ini la bata mzinga.

Dume mzito akimpanda jike mara kwa mara, kucha zake humchana mgongo na ubavu. Zikatwe ncha zake, kwa uangalifu ili damu isitoke. Waweza pia kumfunika jike mgongo kwa kipande cha turubai chenye kamba za kupita chini ya mabawa. Majike wakichoka, mwondoeni dume kwa siku kadhaa. Msiogope: mbegu yake hukaa ndani ya jike, na mayai huendelea kuwa na uhai kwa majuma kadhaa baada ya kupandwa mara moja.

Jike hupenda kutaga mafichoni. Kabla hajaanza, tayarisheni viota vyenye majani makavu penye kivuli na utulivu. Okoteni mayai kila siku, mkiacha moja au yai la mti, ili asihame. Yawekwe mahali pa baridi kidogo, nayo yasipite siku 7 kabla ya kulaliwa. Anayelalia atengwe na dume, asije akamkanyaga na kuvunja mayai. Atalalia siku 28, siku 7 zaidi ya kuku; apate maji na chakula karibu.

Yabaki mashauri juu ya watoto wetu. Wasimchokoze dume kwa fimbo, wala wasimkimbie, kwa maana akimwona mtu akikimbia hudhani ameshinda, na kesho atarudia. Mtu mzima asimame imara, ampeleke polepole mpaka uani mwake na kufunga mlango. Tena kifaranga dume asilelewe peke yake mikononi mwa watu: akikua atawahesabu watu kuwa bata mzinga wenzake, naye atapigana nao kama apiganavyo na madume. Alelewe pamoja na ndugu zake tangu siku ya kwanza, nanyi mtakuwa na ndege atakayewaachia nafasi mpitapo.