Shamba la Nabothi Jukwaani Kamiriithu

Ngũgĩ wa Thiong'o alizaliwa mwaka 1938 huko Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, akafariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Wengi humjua kwa riwaya zake. Lakini mtumishi wa Kanisa hana budi kuifahamu tamthilia yake Ngaahika Ndeenda, aliyoitunga kwa Kikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, maana humo Kanisa linashitakiwa kwa Maandiko yake lenyewe.

Tamthilia hiyo ilioneshwa Kamiriithu mwaka 1977. Waigizaji walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata. Wanakijiji wenyewe walijenga ukumbi wa wazi, wakayasahihisha na maneno ya mchezo. Baada ya wiki chache serikali iliupiga marufuku. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ alikamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kushitakiwa. Mwaka 1982 ukumbi ulibomolewa.

Kiini chake ni hiki. Kĩgũũnda, kibarua, ana ekari moja na nusu tu. Tajiri Ahab Kĩoi na mkewe Jezebel, watu wa kanisani, wanamsihi yeye na mkewe wafunge ndoa kanisani, ingawa wamekwisha kuoana kwa mila. Ili kuigharimia arusi, Kĩgũũnda anaweka rehani hati ya shamba. Deni linamshinda, shamba linanadiwa, na Kĩoi analinunua.

Majina hayo yanaturejesha 1 Wafalme 21. Nabothi alihukumiwa mbele ya mashahidi. Kĩgũũnda ananyang'anywa kwa taratibu za benki. Ndiyo dhambi anayoitaja Luther katika Katekisimo Ndogo, Amri ya Tisa: kuutwaa urithi wa jirani kwa hila iliyovikwa sura ya haki.

Wapo wanaosema kwamba mwandishi anaidharau ndoa ya Kikristo. Sivyo, anachokishitaki ni baraka iliyogeuzwa kuwa gharama. Swali hili linamhusu pia mchungaji wa Murongo, kando ya Mto Kagera, anapowaita wakulima wa kahawa kubariki ndoa: je, wamefundishwa kwamba baraka haidai karamu wala mkopo?

Ngũgĩ aliwaleta jukwaani Ahabu na Yezebeli, wala hakumleta Eliya. Nafasi hiyo ni ya mhubiri, naye Eliya alitumwa shambani.