Foleni ya Hazina: nani hulipwa kwanza?

Mfanyabiashara wa Uyole aliyepeleka maharage katika shule ya bweni ya Serikali, au wa Mafinga aliyepeleka mbao za madawati, akicheleweshewa malipo humwendea mhasibu. Jibu hulijua kabla hajaketi: "Fedha hazijashuka kutoka Hazina." Mara nyingi jibu hilo ni la kweli, na mwenye kuelewa maana yake hunusuru mtaji.

Watu husema "Hazina" wakimaanisha Wizara ya Fedha nzima. Vitabu vya bajeti hutenganisha: Fungu 50 ni Wizara yenyewe, 21 Hazina, 22 Deni la Taifa, 23 Mhasibu Mkuu wa Serikali. Mikoa nayo ina mafungu yake, Iringa 73 na Mbeya 78. Waziri ndiye anayeonekana, kwani husoma bajeti bungeni mwezi Juni. Lakini anayefungua mfereji ni Katibu Mkuu wake, ambaye kwa cheo ndiye Mlipaji Mkuu wa Serikali. Hazina Ndogo iliyopo mkoani ni mkono wa Mhasibu Mkuu tu. Kwenda kugombana pale ni kupoteza nauli.

Mwaka 1996 Serikali ilianza utaratibu wa kutumia kwa kadiri ya fedha zilizokusanywa. Julai 1 mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato (TRA) ilianza kazi, ikipokea ukusanyaji wa kodi uliokuwa chini ya idara za Wizara. Tangu hapo wafanyabiashara walijifunza jambo moja kwa machungu: fungu lililopitishwa na Bunge si fedha iliyo mkononi. Makusanyo yakipungua, kuanzia ushuru wa malori ya Tunduma hadi kodi za Kariakoo, msambazaji wa maharage hupata habari zake baadaye.

Tena foleni haiko sawa kwa wote. Deni la Taifa limewekwa na Katiba juu ya Mfuko Mkuu wa Hazina, hivyo halisubiri kupigiwa kura kila mwaka kama matumizi mengine. Mishahara nayo haichezewi. Msambazaji husimama nyuma. Iringa iliwahi kutoa Waziri wa Fedha, hayati William Mgimwa, Mbunge wa Kalenga, aliyeishika wizara hiyo toka 2012 hadi alipofariki Januari 1, 2014. Lakini mpangilio huo hauangalii Waziri katoka wapi.

Ndiyo maana watu wawili wa mtaa mmoja, wote wakiidai Serikali, huweza kuwa na usingizi tofauti. Mmoja ana ankara ya shule. Mwingine ana hatifungani. Minada ya dhamana za Serikali ilianza 1993, huendeshwa na Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya, na mtu binafsi hushiriki kupitia benki yake au dalali. Kwa hatifungani kima cha chini ni shilingi milioni moja, na zipo za hadi miaka 25.

Tusishangilie mno. Mtaji wa kununulia mahindi ya msimu si wa kufungia miaka 25, na anayelazimika kuuza hatifungani yake mapema katika Soko la Hisa huweza kupata pungufu. Lakini ghala nalo lina hatari zake: waliokuwa wamejaza mahindi mwaka 2017 Serikali ilipozuia kuyapeleka nje wanakumbuka bei ilivyoporomoka.

Kwa wanaoendelea kuuza kwa ofisi za umma, dai LPO iliyotoka kwenye mfumo wa malipo wa Serikali kabla ya kupakia gari, si karatasi ya kuandikwa kwa mkono wala ahadi ya simu. Deni lisilolipwa hadi Juni 30 huingia katika malimbikizo, na huhakikiwa kabla ya kulipwa. Wahakiki huuliza LPO, hati ya kupokelea mzigo na ankara. Weka nakala za zote tatu nyumbani, si dukani.